Kadi Mbili, Namba Moja

Mtakaosoma, mniwie radhi kwa mwandiko wangu. Naandika polepole, na herufi zangu hupanda juu ya mstari zikashuka chini bila kupenda. Mahali nitakapokosea, lisome neno kama mtu anavyolisema mdomoni, utalielewa. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo nilichokiandika kwa wingi ni karatasi ndogo za kubandika kwenye kaseti. Nilimwomba jirani mmoja mwenye hati nzuri aniandikie haya, akaniambia nimsimulie kwanza. Nikakaa mbele yake, nikaangalia miguu yangu, nikaondoka. Kushindwa kusema ndiko kulikonifikisha hapa nilipo, basi naandika mwenyewe.

Nafanya kazi katika duka dogo Ngamiani, mjini Tanga, kule ambako barabara huitwa kwa namba. Watu wanatuletea kaseti za zamani, za maulidi, za harusi, za mawaidha, nasi tunaziingiza kwenye kompyuta kisha tunawatolea kwenye flashi wakasikilize kwenye redio zao mpya. Kompyuta yenyewe ni ya zamani kuliko mimi kazini, boksi la kijivu lililogeuka rangi ya chai ya maziwa. Mwenye duka anaipenda. Ameifunika kitambaa alichofuma mkewe, na kila Ijumaa asubuhi anaifukiza udi pamoja na duka zima. Si mtu mbaya. Ana sharti moja tu, ambalo aliniambia siku ya kwanza na kunikumbusha kila alipopata nafasi.

"Wewe ni wa kubonyeza," alisema. "Wa kufungua yupo."

Wa kufungua ni mpwa wake, aliyesoma chuo Dar es Salaam na kurudi na cheti. Kila kompyuta ikiugua, yeye ndiye huitwa.

Sasa niseme habari ya kaseti yangu. Mama yetu alifariki siku chache baada ya kumzaa mdogo wangu wa kike. Mimi nilikuwa na miaka minne. Hatukubaki na picha inayoonekana vizuri. Mama hakujua kuandika, na wakati ule mtu asiyejua kuandika alirekodi salamu kwenye kaseti, akampa msafiri ampelekee ndugu. Mama aliwahi kumpelekea kaka yake Pemba kaseti ya namna hiyo, akiwa na mimba ya mdogo wangu. Mjomba aliihifadhi ndani ya kasha, na mwaka huu, aliposikia kwamba mdogo wangu anaolewa, akampa mtu anayevuka kuja Tanga.

Mdogo wangu amelelewa Pangani kwa shangazi yetu. Nilimpigia simu kumwambia kwamba kaseti imefika.

"Kaka, wenzangu wote siku ya kutolewa mama zao waliwausia," alisema. "Mimi nitausiwa na shangazi, sawa, Mungu ampe umri. Lakini sauti ya mama siijui hata ya kukohoa. Nitolee kwenye flashi uniletee. Nataka niisikie kabla sijaondoka nyumba hii."

"Nitakuletea," nikasema.

"Jumapili ndiyo siku yenyewe, kaka. Usije ukaniambia umesahau."

"Nitakuja nayo Jumamosi."

Kaseti ilinuka karafuu. Niliiweka kwenye deki asubuhi moja, wakati wateja wawili wamekaa kwenye benchi, nikavaa spika za masikioni, nikageuza uso ukutani. Nilimsikia mama kwa dakika arobaini. Nitasema baadaye alisema nini. Ilipofika mwisho, deki ikaanza kuutafuna utepe. Ulikuwa umekauka kwa miaka. Nilipojaribu kuutoa ulikatika vipandevipande, mwingine ukawa unga mikononi. Sikuhuzunika sana, maana sauti ilikuwa imekwisha ingia ndani ya kompyuta. Nilijiona nimewahi.

Shida ilikuwa kuitoa. Matundu ya flashi ya ile kompyuta yalikuwa yameliwa na kutu, kama kila chuma cha mji huu ulio na hewa ya chumvi. La mwisho lilikufa wiki hiyohiyo. Mpwa akaja na kadi iliyotumika, yenye matundu manne, akafungua boksi na kuichomeka ndani kwenye mazabodi, yaani ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu. Akaiweka jirani na kadi ya sauti, akafunga, akaenda zake.

Tangu saa ile kompyuta ikawa mgonjwa. Ukichomeka flashi, inaganda, hata kile kishale hakisogei. Ukiizima ukaiwasha, ukafungua sauti yoyote, inasema maneno mawili matatu halafu inanasa. Nilijaribu sauti ya mama. Alisema "kaka yangu wa," kisha ikawa wa, wa, wa, wa, bila kukoma, mpaka nikachomoa waya ukutani. Nilikaa na ule mnaso masikioni siku nzima.

Mwenye duka akampigia mpwa, akajibiwa kwamba atakuja Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Mchana duka letu hufungwa. Mwenye duka huenda kwake kula na kulala kidogo, hurudi karibu na alasiri, na mimi hubaki ndani nimefunga mlango. Jumatano hiyo niliwasha kompyuta, nikafungua ule ukurasa unaoorodhesha vifaa vyote vilivyomo ndani. Umeandikwa Kiingereza, na Kiingereza mimi sikijui. Lakini namba ni namba. Nilichukua daftari nikanakili kila kifaa herufi kwa herufi, kama mtu anayechora, na mbele yake nikaweka namba yake. Mwenye haraka asingeweza kazi ile. Ilinichukua mchana mzima. Nilipomaliza nikaona kwamba vifaa vingi vina namba tofauti, lakini kadi ya sauti na ile kadi mpya ya flashi zote zilikuwa na kumi na moja.

Nikafikiri hivi. Kama kila kifaa kina namba yake ya kuiita kompyuta, basi hawa wawili wanaita kwa namba moja. Kompyuta ikiitwa haijui imwitikie nani, ndiyo maana inasimama. Sikuwa na hakika. Hakuna aliyenifundisha. Lakini nilisikia raha moyoni ambayo sikuwahi kuisikia nilipokuwa shuleni.

Alhamisi mchana nilifunga mlango kwa komeo, nikatoa kitambaa, nikafungua boksi. Ndani kulikuwa na vumbi lililoshikana na moshi wa udi, linanuka kama chumba cha harusi. Niliichomoa kadi mpya kutoka pale jirani, nikaihamishia nafasi ya mwisho kabisa, chini, mbali na ile ya sauti. Nikawasha. Nikafungua tena ule ukurasa. Kadi ya sauti, kumi na moja. Kadi ya flashi, tano.

Nilichomeka flashi. Haikuganda. Nikafungua sauti ya mama huku flashi imo ndani, na mama akasema, "Kaka yangu wa tumbo moja, assalamu alaykum," akapita pale alipokuwa akinasa, akaendelea. Nilicheka peke yangu. Nikaizima sauti, nikaanza kuihamishia kwenye flashi. Faili lilikuwa kubwa na mashine ni ya kizee, ule mstari wa kijani ukawa unatambaa taratibu. Ulikuwa umepita nusu nilipousikia mlango.

Mwenye duka alikuwa amerudi mapema. Alijaribu kitasa, akagonga.

Hapa ndipo nataka muelewe vizuri, maana nimejiuliza mara nyingi. Ningeweza kufungua nikasema, nimefungua boksi, nisamehe, lakini tazama, imepona. Angefoka kidogo, halafu angefurahi. Nalijua hilo sasa. Wakati ule niliona boksi liko wazi, skrubu ziko sakafuni, na sharti lake nimelivunja, nikachomoa waya ukutani. Mstari wa kijani ukapotea.

Akagonga tena. "We kijana! Umelala?"

Sikujibu. Kisha nikamsikia akijisemea, "Aa, yumo kwenye swala." Akaacha kugonga. Nilisikia anavuta lile benchi la nje na kukaa. Ndivyo tulivyo huku, mtu akiwa kwenye swala hata baba yake humsubiri. Na ni kweli kila siku huswali adhuhuri mle ndani, mkeka wangu upo nyuma ya kabati. Siku ile nilikuwa bado.

Basi nikautumia ule utulivu wake. Niliirudisha kadi palepale ilipokuwa, jirani na ile ya sauti, ili mambo yaonekane kama alivyoyaacha mpwa. Nilikaza skrubu moja moja kwa kucha na bisibisi, bila kelele. Nikarudisha kitambaa. Nikatandika mkeka sakafuni ili auone. Kisha nikafungua.

Aliinuka kwenye benchi akanishika bega. "Mwenyezi Mungu aikubali swala yako, mwanangu," akasema. "Vijana wa siku hizi hawajui kutulia namna hiyo."

Nikasema, "Amin."

Nilipoangalia flashi baadaye kwenye simu ya mteja mmoja, faili lilikuwamo kwa jina tu. Halikufunguka.

Nilipanga kusema kesho yake. Usiku nilipanga maneno, nikayahesabu yakafika manane: hamisha kadi ya flashi iende nafasi ya mwisho. Lakini kila nilipofika mwisho nililiona swali litakalofuata. Umejuaje? Nilifungua. Ulifungua lini? Jana mchana. Jana mchana si ulikuwa kwenye swala?

Kufungua boksi ningeweza kukiri. Swala ile sikuweza.

Ijumaa asubuhi mwenye duka alifukiza udi kama kawaida. Mpwa akaingia moshi haujaisha, anapunga mkono mbele ya pua.

"Shikamoo mjomba. Duka hili mnafukuza majini au wateja?"

"Marahaba. Wewe tibu mashine, majini niachie mimi."

Mpwa akaketi, akabonyeza mara mbili tatu, ikaganda. Akaniangalia. "Na wewe bubu, umeona nini hapa?"

"Inaganda," nikasema.

"Ebo! Kasema! Mjomba, umemsikia? Leo kasema neno zima." Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka. Kisha mpwa akajinyoosha. "Hii imechoka tu. Napiga windo upya."

Kupiga windo upya ni kufuta kila kilichomo na kuanza kama siku kompyuta ilipotoka kiwandani. Mafundi wetu ndiyo dawa yao. Mashine ikiwa nzito, piga windo. Ikikataa kuchapisha, piga windo. Nadhani ikiibwa pia watapiga windo.

"Na kazi za wateja?" mwenye duka akauliza.

"Kaseti zao si zimo kabatini? Huyu ataziingiza tena. Kazi yake nini?"

Mwenye duka akafungua kabati, akahakikisha, zote zilikuwamo. Kisha akanigeukia. Nakumbuka alikuwa ameshika chetezo cha udi, na alisema kwa upole kabisa.

"Na wewe mwanangu, kuna chako humo?"

Mpwa naye akageuka kunitazama. Neno lilikuwa moja tu, kipo. Baada ya hapo wangesubiri. Mpwa angetafuta njia ya kukitoa, hata kwa kubeba mashine kwenda kwake. Hawakuwa na sababu ya kuninyima. Lakini nililiona swali la pili, na la tatu, na ule mkeka.

"Hamna," nikasema.

Mpwa akabonyeza.

Nilisimama nyuma ya kiti chake nikaangalia mstari mwingine ukitambaa. Huu haukukatizwa na mtu. Ulifika mwisho.

Tukaenda msikitini. Nilisimama safu moja na mwenye duka, bega lake limegusa bega langu, na sikumbuki hata neno moja la hotuba.

Tuliporudi, mpwa akamaliza kuweka kila kitu, akachomeka flashi kwa mbwembwe. Ikaganda. Akaizima, akaiwasha, ikaganda. Akajaribu mpaka shati likalowa. Mwishowe akasema mazabodi imekufa, ni kutupa.

"Kutupa?" mwenye duka akashtuka. "Mashine hii?"

Hapo ndipo nikasema. Sijui kwa nini hapo na si asubuhi. Labda kwa sababu sikuwa tena na cha kupoteza. Nikasema, "Hamisha kadi ya flashi iende nafasi ya mwisho."

Mpwa alicheka mpaka akakohoa. "Darasa la saba limetoa mhandisi! Mjomba, mpe kiti changu."

"Jaribu," mwenye duka akamwambia. "Unapoteza nini?"

Akajaribu huku anatikisa kichwa. Ikawaka, ikapokea flashi, ikapiga kasida huku flashi imo. Mwenye duka akanikumbatia mbele ya wateja. "Kumbe bubu wetu ana akili! Umejuaje?"

"Nimebahatisha," nikasema.

Sasa mpwa anawasimulia watu kwamba yeye ndiye aliyegundua, kadi zilikuwa zinagombania namba. Simbishii. Yale maneno manane yalikuwa yangu, na niliyatoa saa chache baada ya kufaa. Siku zilipopita nilimuuliza kama kitu kikifutwa huweza kurudi. Akasema hurudi, mradi hujaandika kitu kingine juu yake. Nilikuwa nimekwisha ingiza upya kaseti zote za wateja, moja baada ya nyingine, kwa mkono wangu.

Jumamosi nilikwenda Pangani. Nyumba ya shangazi ilikuwa imejaa wanawake, ukumbini wanachambua mchele. Mdogo wangu alitoka chumbani ana hina mikononi, hawezi kushika kitu, akanisogeza uani.

"Ipo wapi?" akauliza. "Nifungie hapa kwenye pindo la kanga, mikono haijakauka."

Njiani nilikuwa nimepanga kusema kaseti ilifika mbovu. Nilipomwona ana ile hina mbichi, nikamwambia kweli. Nilimwambia yote, na swala ile pia. Ni yeye peke yake niliyemwambia mpaka leo ninapoandika.

Hakulia. Ningependa angelia.

"Walikuuliza?" akasema.

"Waliniuliza."

"Ukasema hamna."

"Ndiyo."

Akaipuliza hina yake. "Wewe ulimsikia yote?"

"Yote."

"Basi niambie. Sema kama alivyosema yeye."

Nikajaribu. Nilimwambia mama alianza kwa salamu, akataja wazima na wagonjwa. Akalalamika mvua imeharibu mpunga. Halafu akasema, "Huyu wa tumboni ananipiga teke hapa ninaposema nawe. Nafikiri ni mwanamke, maana mbishi. Akizaliwa, kaka, uje umwone." Nilisema maneno hayo kwa sauti yangu hii inayokwama, na nikaona usoni mwake kwamba hayakuwa ya mama. Yalikuwa yangu.

"Alicheka aliposema mbishi?"

Nikafikiri. Sikukumbuka. Niligeuza uso ukutani kwa sababu ya wateja, nikajizuia, na nilipokuwa najizuia vitu vikanipita.

"Hujui," akasema. "Haya. Rudi kwa wanaume, kaka, watakutafuta."

Ameolewa, amepelekwa Unguja. Nikipiga simu ananiuliza hali, nami namuuliza hali, tunaagana. Ana adabu kwangu. Zamani alikuwa ananitania.

Bado nipo dukani. Mwenye duka siku hizi ananiruhusu kufungua boksi. Kila adhuhuri anapoondoka hunigusa bega na kuniambia nimwombee dua kwenye swala yangu, na mimi huitikia.

Ninaandika haya kwa sababu moja. Mjomba wa Pemba ameniambia kwamba mama alirekodi kaseti mbili siku ile, kwa maneno karibu yaleyale, moja yake, na nyingine ya rafiki wa kike aliyeolewa upande wa pwani ya kaskazini. Mjomba hajui ni wapi, labda Moa, labda Vanga, wala hakumbuki jina. Kaseti kama hizo husahaulika makabatini. Ukiwa nayo huenda huna habari ni ya nani, kwa hiyo nakutajia alama za ile niliyoisikia, huenda zimo na kwenye yako. Ni mwanamke anaongea, na nyuma yake mtu anakuna nazi. Katikati ukunaji unakoma. Mtoto anakuja analia, "Mama, nataka mkate," na mwanamke anamwambia, "Ngoja nimalize na mjomba wako." Kwenye kaseti yako, kama mtoto alirudi kulia, pengine atasema mama yako mdogo. Mtoto huyo ni mimi.

Ukiipata, tafadhali usiichezeshe kwenye deki mbovu. Niandikie kupitia hapahapa uliposomea haya, hata mstari mmoja, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu. Na kama huna kaseti lakini ulimjua mwanamke aliyependa kusema "maana mbishi," niandikie tu jambo moja, kama alikuwa akilisema huku anacheka.